Siku Vitabu Vilipolala Hodge Hill

Tikisa kichwa upendavyo, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na nina akili zangu timamu. Sikusimuliwa na mtu. Nimekuwa nesi maisha yangu yote ya kazi, nimewaona watu wakiweweseka kwa homa, kwa hiyo kuweweseka nakujua. Hii haikuwa homa. Wala haikuwa pombe, maana nililelewa na baba mzee wa kanisa ambaye hata uji ukichacha kidogo aliumwaga nje.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, mjini Birmingham. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa uuguzi, na nilipanga chumba mtaa wa Hodge Hill kwa mama mmoja Mhindi aliyehama kutoka Kisumu. Jina lake Kokila, lakini Wagujarati humwita mwanamke wa heshima "ben", yaani dada, kwa hiyo sote tulimwita Kokilaben. Tulikutana sokoni. Nilimsikia nyuma yangu akiinong'onezea bamia aliyoishika mkononi, "Huyu muuzaji mwizi kabisa," kwa Kiswahili, na mimi niliyekuwa na miezi minne bila kusikia neno la kwetu nikaangua kicheko hadi machozi. Kabla ya mwisho wa wiki nilikuwa nimehamia kwake na sanduku langu.

Sasa sikiliza shida yangu. Nilikuwa nimefeli mtihani. Mtihani wa kwanza wa uuguzi, ule wa mwili wa binadamu, nilianguka vibaya, na swali lililonimaliza lilikuwa la moyo. Si kwamba sikusoma. Nilisoma! Nilikariri kitabu ukurasa kwa ukurasa kama tulivyofundishwa shuleni kwetu, Kiingereza chote na koma zake, lakini nilipokaa mbele ya karatasi maneno yalinikimbia yote kwa pamoja. Chuo kikanipa nafasi moja ya kurudia. Nikifeli tena, mafunzo yamekwisha, na kibali changu cha kukaa Uingereza kimekwisha pia. Kanisa zima lilikuja kunisindikiza uwanja wa ndege, na kwaya ikaimba mpaka askari wakaomba watulie. Ningewarudia na uso gani?

Mtihani wa marudio ulikuwa Ijumaa asubuhi. Alhamisi nilipewa mapumziko. Nilipanga kusoma sura ya moyo mara kumi, nisinyanyue kichwa isipokuwa kwa chai.

Alhamisi hiyo nikaenda kuoga, na niliporudi chumbani kitabu hakipo. Nikageuza godoro, nikatazama chini ya kitanda, hakuna. Nikashuka ngazi mbio. Sebuleni nikamkuta Kokilaben amevaa sari ya manjano, binti yake Nisha naye gauni la manjano, nyumba nzima inanukia samli na zafarani. Pembeni palikuwa na kimeza chenye sanamu, na mbele ya sanamu vitabu vyote vya nyumba vimepangwa: vya Nisha, vya mdogo wake, daftari la mapishi, kalamu, na chini kabisa, kikibeba vingine, kitabu changu kinene cha mwili wa binadamu. Juu ya vyote kulifunikwa kitambaa chekundu.

"Kokilaben, hicho ni changu!"

"Najua, dada. Leo ni sikukuu ya mama ya elimu. Leo kitabu yote nalala. Nisha kitabu nalala, wewe kitabu pia nalala. Hapana gusa mpaka kesho asubuhi."

"Lakini kesho asubuhi nina mtihani!"

"Ndiyo. Ndiyo maana mimi naweka chini kabisa, pahali mzuri." Akanishika shavu, uso wake umejaa furaha. "Leo hapana soma. Hata barua, hata gazeti. Leo Mama nabariki."

Unaona mkosi huo? Alidhani amenitendea wema mkubwa. Wao huadhimisha mwanzo wa majira ya maua, ingawa maua yenyewe Birmingham mwezi wa pili hayapo, pana barafu tu kwenye mifereji. Siku hiyo humshukuru mungu wao wa kike wa elimu na muziki, na watoto hupumzisha vitabu. Kwa Nisha ilikuwa raha tupu. Kwangu ilikuwa hukumu ya kifo. Isitoshe, mimi mtoto wa mzee wa kanisa sikuthubutu hata kuitazama ile sanamu usoni. Nilitazama kitambaa tu, nikihesabu jinsi ya kuingiza mkono chini yake.

Na niliuingiza, nakuambia kweli. Nilimsubiri Kokilaben aende jikoni, nikanyanyua kitambaa, nikachomoa kitabu changu, na mahali pake nikatia katalogi ya nguo, ile nene ambayo akina mama wote wa mtaa waliagizia makoti kwa posta. Unene ulilingana kabisa. Nikajisifu kimoyomoyo. Nikavaa koti, nikaficha kitabu tumboni nikatoka kama mja mzito.

Nikasomee wapi? Chumbani kwangu kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na maktaba ilifungwa mchana huo. Lakini sisi wanafunzi wa uuguzi tulikuwa na njia yetu. Birmingham ina basi la mzunguko. Linauzunguka mji wote kwa nje, kutoka upande wa Great Barr kule kaskazini hadi karibu na Northfield huku kusini, halafu linarudi lilikotoka, saa mbili na zaidi. Ukipanda ghorofa ya juu, kiti cha mbele, ukakaa kimya, unapata joto na hakuna wa kukusumbua. Wengi wetu tulifaulu mitihani mle ndani.

Nikapanda. Juu palikuwa patupu. Nikafungua sura ya moyo.

Sikuweza kusoma.

Ngoja, usinikatize. Simaanishi kwamba sikuelewa. Namaanisha maandishi niliyaona, meusi, safi kabisa, lakini hayakuwa maandishi. Zilikuwa alama tu, kama nyayo za kuku kwenye vumbi. Nikafungua ukurasa mwingine, hivyo hivyo. Nikatazama dirishani, maduka yanapita, vibao vyake vyote alama tu. Tiketi mkononi, alama. Nilijua hii ni A? Hapana! Hata A niliyofundishwa nikiwa na miaka sita sikuijua.

Nesi akiogopa hujipima. Nilidhani ni kiharusi. Nikatabasamu kwenye kioo cha dirisha kuona kama mdomo umepinda upande mmoja. Haujapinda. Nikanyoosha mikono yote miwili mbele, nikafumba macho, nione kama mmoja utashuka. Haukushuka. Nikajisemesha jina langu na la kijiji chetu, ulimi mzima. Mwili mzima sawa, kusoma ndiko kumeondoka. Nikaanza kulia kwa kwikwi, kitabu kimefunguka mapajani.

"Kifunge, mwanangu. Kimechoka."

Niligeuka. Kando yangu ameketi mama mmoja wa Kihindi, wa makamo, amevaa sari nyembamba ya pamba, nyeupe, na ushungi wa manjano mabegani. Bila koti, mwezi wa pili! Sikumsikia akipanda ngazi. Lakini kilichonishtua zaidi ni Kiswahili chake. Kokilaben wetu alikuwa na Kiswahili cha dukani, na tulimpenda nacho. Huyu mama alitamka taratibu, kila neno limekaa mahali pake, utadhani ni mwalimu wa miaka mingi.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana malezi hayakuachi hata ukiwa unalia.

"Marahaba. Nini kinakuliza?"

"Kesho nina mtihani wa moyo, na macho yangu yamekataa kusoma."

"Basi usisome. Nifundishe mimi. Sijui lolote kuhusu moyo. Damu inaanzia wapi?"

Nikaanza kwa Kiingereza kama nilivyokariri. Akatikisa kichwa. "Sielewi hayo. Niambie kama unavyomwambia mama yako."

Mama yangu hakuwahi kukanyaga shule. Ningemwambiaje? Nikatazama huku na huku, na macho yakaangukia ngazi za basi. Nikasema, "Mama, moyo ni mabasi mawili ya ghorofa yaliyobanana ubavu kwa ubavu. Kila moja lina juu na lina chini. Damu iliyochoka inatoka mwilini, inapanda basi la kulia, inaingia ghorofa ya juu. Halafu inashuka chini."

"Na ikitaka kurudi juu?"

"Haiwezi. Pale ngazini pana mlango unaofunguka upande mmoja tu. Tunauita vali. Ukiharibika, damu inarudi nyuma, na mgonjwa anavimba miguu." Nilijisikia nikisema hivyo na nikashangaa. Nilikuwa nimekariri mambo hayo mara mia, lakini sikuwahi kuyaona.

"Kutoka chini inakwenda wapi?"

"Mapafuni, kupata hewa. Ikishapata inarudi, safari hii basi la kushoto, ghorofa ya juu. Inashuka chini, mlango unafungwa, na kutoka hapo inasukumwa mwili mzima, kichwani hadi ukucha."

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Hayo mabasi mawili yana nguvu sawa?"

Hapo ndipo nilipoanguka mara ya kwanza, unaelewa? Swali lilitaka kujua kwa nini ukuta wa kushoto wa moyo ni mnene kuliko wa kulia, na mimi niliacha nafasi nyeupe. Sasa jibu lilinijia lenyewe. "Hapana, mama! La kulia safari yake ni ya jirani tu, mapafu yako hapo hapo. La kushoto linazunguka mji mzima. Ndiyo maana ukuta wake ni mnene. Lina kazi kubwa!"

Alicheka. Akanishika kifundo cha mkono, palepale tunapopimia mapigo, kana kwamba anataka kusikia kama ninasema kweli. Alinishika kwa mkono wa kushoto, na kama nesi niliona jambo: vidole vyake vilikuwa na sugu nchani, ngumu, kama vya mtu aliyepiga gitaa maisha yake yote. Nilifikiri, huyu mama ni mpigaji ala fulani. Halafu akaniuliza kuhusu figo. Figo zilinitoa jasho! Alinirudisha nyuma mara tatu mpaka nikaeleza vizuri, akaenda kwenye ini, akaenda kwenye mapafu. Nilifundisha mpaka koo likakauka. Kilio kilikuwa kimekwisha zamani, na sikumbuki nilikiacha wapi.

"Mwalimu mzuri," akasema mwishowe. "Sasa kirudishe kikalale."

Nikainama kuokota mkoba sakafuni. Niliponyanyuka, kiti kitupu.

Ghorofa ile ina ngazi moja tu ya kushukia, na ngazini alikuwa amesimama kondakta, Mhindi mwenye kilemba, mkono kwenye chuma, ananitazama. Alijaribu Kiingereza, halafu akaacha.

"Sister, wewe natoka Kenya?"

"Ndiyo."

"Mimi natoka Eldoret. Wewe naongea na nani?"

"Na yule mama. Amepita hapo kwako sasa hivi."

Akatazama kiti, akanitazama mimi. "Hapa hapana pita mtu. Mimi nauza tiketi moja tu huku juu, yako. Basi nazunguka mji mzima, wewe naongea peke yako." Nikataka kulia upya. Labda aliona, kwa sababu akaongeza haraka, "Lakini nafundisha vizuri sana! Mimi nasimama hapa tangu figo. Sasa najua figo."

Nilicheka. Nikamwomba anionyeshe kituo cha kushukia Hodge Hill kwa sababu siwezi kusoma vibao. Hakuniuliza kwa nini. Alinishusha mwenyewe, akanishika kiwiko mpaka chini barabarani, jua likiwa linazama.

Nyumbani kumbe nilikwisha kukamatwa. Nisha alifungua mlango, mikono kiunoni. Mtoto yule alielewa Kiswahili chote lakini hakukijibu hata siku moja. "Aunty, you gave the goddess a catalogue!"

Kokilaben alikuwa jikoni anakoroga halua ya manjano. Nilitaka kusema uongo, nikashindwa. Nilimweleza yote, kuanzia katalogi hadi kiti kitupu. Nilitegemea anifukuze. Alisikiliza bila kugeuka, mpaka nilipofika kwenye vidole vyenye sugu. Mwiko ukasimama. Akauzima moto, akajifunika ushungi kichwani, machozi yanamtiririka huku anacheka.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

Alisema tu, "Wewe rudisha kitabu na mkono yako. Omba radhi na maneno yako."

Nikaingia sebuleni. Nikaitoa katalogi, nikakiweka kitabu changu chini kabisa kilipokuwa. Na kwa kuwa nilipaswa kuomba radhi, ilibidi ninyanyue uso. Ndipo nilipoitazama ile sanamu kwa mara ya kwanza. Ni mama amevaa sari nyeupe, amepakata ala ndefu ya nyuzi, na vidole vya mkono wa kushoto vimebana nyuzi.

Mimi ni Mkristo hadi leo, na sitakuambia yule alikuwa nani. Nakuambia nilichokiona. Nilisema "Nisamehe, mama," kama ambavyo ningemwambia mama yeyote niliyemkosea, nikaenda kulala bila kujua kama nitasoma tena maishani. Niliogopa sana. Nilifikiri jinsi ningefika mbele ya karatasi ya mtihani nisiweze hata kuandika jina langu.

Asubuhi Kokilaben alifungua kitambaa, akamgawia kila mtu kitabu chake. Nilipokea changu kwa mikono miwili, nikafungua ukurasa wa kwanza, mahali nilipoandika jina langu kwa wino siku nilipokinunua. Nikalisoma. Jina langu! Nikasoma pakiti ya sukari, nikasoma jiko, nikasoma kiberiti, nikasoma hata karatasi iliyofungia mkate, kwa sauti, huku Nisha akinitazama kama nimerukwa na akili. Sijawahi kupata nafuu kama ile, kabla wala baadaye. Nilikaa sakafuni jikoni nikashukuru Mungu wangu mpaka Kokilaben akanikumbusha kwamba nina basi la kuwahi.

Swali la pili lilikuwa la moyo. Niliandika mpaka mkono ukauma, kila neno nikilitoa kwenye mabasi yale mawili. Nilifaulu. Barua ilipofika niliisoma sebuleni mbele ya wote, na Kokilaben akanilisha halua kwa mkono wake, kijiko baada ya kijiko, hadi nikaomba huruma.

Lakini hayakuishia hapo. Mwaka uliofuata, siku ya sikukuu hiyo hiyo, niliamka maandishi yameondoka tena. Na mwaka uliofuata. Jua likichomoza yanaondoka, kesho yake yanarudi. Sikukuu yenyewe haina tarehe moja, inafuata mwezi, kwa hiyo kila Krismasi ikipita nilimpigia simu Kokilaben kuuliza ni lini. Mwaka mmoja nikasahau. Nilikuwa wodini, upande wa Northfield, jua linachomoza, mkononi nina karatasi ya dawa za mgonjwa, na mbele ya macho yangu karatasi ikageuka nyayo za kuku. Namshukuru Mungu sikujifanya mjuaji. Nilisema miwani yangu imevunjika, nikamwita mwenzangu asome, nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Tangu hapo siku hiyo siendi kazini. Msimamizi wetu aliamini nina mpenzi wa siri, nami nikamwacha aamini.

Je, inanitia uchungu? Hapana. Nilipokuja kufundisha wanafunzi wa uuguzi, wakati wowote nilipomwona mmoja analia juu ya kitabu, nilimwambia akifunge, aniambie kama anavyomwambia mama yake. Wamefaulu wengi kwa njia hiyo, na hawakujua nimeipata wapi.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Ukikaa katika nyumba ya watu, wakakuambia kitu fulani leo kinalala, kiache kilale, hata kama ni chako na una haja nacho. Na siku moja ukiwa safarini, akaja mama asiye na koti akaomba umfundishe kitu, mfundishe vizuri, usimwulize tiketi.

Kokilaben alikwisha kutuacha. Siku hizi anayenipigia ni Nisha, naye kwa simu hunisemesha Kiswahili, hebu fikiria. Amenipigia jana. Sikukuu ni kesho. Ndiyo maana nimeharakisha kuyamaliza haya leo, maana jua likichomoza sitaweza kuyasoma mwenyewe.